Njaa aliyoisema Amosi si hamu

Nimeisikia tena Alhamisi ikihubiriwa, ile njaa ya nabii Amosi, na safari hii nimeona niandike. Jumuiya yetu ilikwenda kumjulia hali mama mmoja hapa Makorora, Tanga, mjane, aliyetoka hospitali wiki mbili kabla. Chumba kimoja, mkeka, jiko la mkaa limepoa karibu na mlango, na juu yake sufuria imefudikizwa, kavu, haina hata ukoko. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tukaimba, tukasoma, na ndugu aliyeongoza akafunga kwa maneno haya: "Mama yetu, njaa kubwa kuliko zote ni njaa ya kiroho, kama alivyosema nabii Amosi. Leo tumekuja kukushibisha." Mama akaitikia amina. Tulipokuwa tunatafuta viatu vyetu barazani, jirani yake, bibi mmoja wa Kidigo, akapita katikati yetu na bakuli lililofunikwa sahani. Bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Harufu yake ilitufuata mpaka njiani.

Yule ndugu ana moyo safi na kazi ya Mungu anaipenda. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, na mikononi nilikuwa na kitabu cha nyimbo tu. Lakini neno hili la Amosi 8:11, kwamba Bwana ataleta njaa katika nchi, si njaa ya kukosa chakula wala kiu ya kukosa maji, bali njaa ya kukosa kusikia maneno yake, nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, kwenye mazishi, kwenye semina, kwenye maombi ya mkesha, na kila mara Amosi anaitwa awe shahidi wa jambo ambalo hakulisema.

Maana yenyewe haina marefu. Njaa ya mwili katika Biblia ni hii hii ya kwetu: tumbo halina kitu, au nchi haina chakula. Njaa ya kiroho ni jina lililotungwa na wahubiri. Maneno hayo hayakai pamoja popote katika Biblia ya Union ya 1952, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoishika. Wahubiri wamelitumia kukusanya mambo mawili: mtu kumtamani Mungu, na mtu kumkosa Mungu. Si vibaya kutunga jina. Tatizo ni kwamba kutamani na kukosa vimetiwa kwenye kapu moja, na mtu akitia mkono hajui atatoa kipi.

Kapu lenyewe limeanzia kwenye neno njaa. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, pita barabara yoyote ya Ngamiani. Karibu kila unayekutana naye ana njaa, midomo imekauka, hatua nzito. Lakini mjini hamna njaa. Muhogo unachemkia nazi, kaimati zinatiwa kwenye shira, uji umeshatiwa pilipili manga. Njaa ya aliyefunga inaijua saa itakapokwisha. Sasa ligeuze. Mwaka wa ukame mtu anaweza kuwa ametoka kula sasa hivi, ameshiba, na bado yumo ndani ya njaa, kwa sababu ghalani limebaki debe moja na mawingu yanapita tu. Hiyo ndiyo njaa inayopewa jina na kukumbukwa. Wazee wetu hawajasahau miaka ya 1970 na 1980, na ule unga wa njano wa msaada walioupa jina la Yanga. Mtoto akirudi shuleni anasema "mama, njaa". Mzee akisimulia anasema "mwaka ule wa njaa". Neno ni moja, lakini hakuna mtu wa pwani atakayedhani wanazungumzia kitu kimoja.

Kiebrania kina tabia hiyo hiyo. Neno lake ni raav, na linabeba vyote viwili, njaa ya tumbo na njaa ya nchi. Kitabu cha Ruthu kinaanza kwa raav: njaa imeingia katika nchi, na Elimeleki anawahamisha mkewe na wanawe kutoka Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Si kwamba Elimeleki aliamka siku moja na hamu ya kula. Nyumba ya mkate iliishiwa mkate.

Kigiriki ndicho kinachotusaidia, maana chenyewe kina maneno mawili. Kitendo cha kuona njaa ni peinao: ndilo neno la Yesu jangwani baada ya siku arobaini, la wanafunzi waliokwanyua masuke wakila, na la "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula". Njaa iliyoipiga nchi ni limos: ndiyo iliyomkuta mwana mpotevu ugenini alipokwisha kutapanya mali. Sasa angalia. Bwana aliposema katika Mathayo 5:6 "Heri wenye njaa na kiu ya haki", neno ni peinao. Wayahudi wa kale walipokifasiri kitabu cha Amosi kwa Kigiriki, kabla ya Kristo kuzaliwa, kwenye 8:11 waliandika limos. Aya hizi mbili, ambazo kila siku tunazifunga kamba moja kama kuni, hazizungumzii kitu kimoja. Ya Mathayo ni hamu, na ina heri. Ya Amosi ni baa, na ni adhabu.

Hata wafasiri wetu wa Kiswahili waliliona hili. Kiebrania cha Amosi kimesema kwa mkato: si njaa ya mkate, wala kiu ya maji, bali ya kusikia maneno ya Bwana. Ukiifasiri hivyo hivyo, msomaji atadhani watu wana hamu ya kusikia. Kwa hiyo wao wakaongeza neno, na wakaliongeza mara tatu: njaa ya kukosa chakula, kiu ya kukosa maji, njaa ya kukosa kusikia. Hilo kukosa liliwekwa pale kwa makusudi, na ndilo tunaloliruka tukisoma mbio mbio.

Nani alikuwa anakosa, na kwa nini? Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu jibu limo ukurasa ule ule. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo wa Tekoa na mtu wa mikuyu, akatumwa kaskazini, Israeli, siku za mfalme Yeroboamu, karne ya 8 kabla ya Kristo. Nchi ilikuwa na mali. Walikuwapo wenye nyumba za mawe na vitanda vya pembe. Sura ya 7, Amazia kuhani wa Betheli anamfukuza: nenda zako Yuda, usitabiri tena hapa. Sura ya 8, kuanzia mstari wa 4, nabii anawageukia wafanyabiashara wa nafaka. Anawasikia wakiuliza sabato itakwisha lini wapate kufungua magunia. Wanaipunguza efa, ambayo ni kipimo cha kuuzia, na kuiongeza shekeli, ambayo ni jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi. Mizani yao ni ya udanganyifu. Wanamnunua mhitaji kwa jozi ya viatu, na wanauza hata takataka za ngano.

Msomaji wa Tanga hahitaji kamusi hapo. Anaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka likawa gunia na nusu, na mkulima akalipwa la gunia moja. Analijua kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu limejaa na lina kichuguu cha mchele, lakini ukifika nyumbani ukimimina kwenye kopo lako mwenyewe linapungua vidole viwili. Niliwahi kununua maharage kwa kopo la namna hiyo, na nikayapima upya mezani huku watoto wakinitazama. Efa ya Betheli ilikuwa hivyo.

Na mstari wa 11 unakuja baada ya hayo. Watu waliomfukuza nabii, waliolipunja tumbo la maskini kwa kipimo, wanaambiwa: mlitaka kimya, mtakipata. Njaa ya kukosa Neno inawaangukia waliowatia wenzao njaa ya kukosa chakula. Halafu mstari wa 12 unasema watatangatanga toka bahari hata bahari, wapige mbio huko na huko kulitafuta neno la Bwana, wasilione. Huo si uamsho, ni watu waliochelewa. Ndiyo maana mwanafunzi wangu wa kipaimara aliposimama mwaka jana na kushuhudia kwa furaha kwamba "ninayo ile njaa ya Amosi", nilimkalisha pembeni baadaye nikamwambia, mwanangu, hiyo usiiombe.

Basi tazama tulichokifanya Alhamisi. Tumelichukua neno ambalo nabii aliwapiga nalo wenye mizani, tukaenda nalo kwa mwenye sufuria tupu. Amosi alimtetea yule mama. Sisi tumemtumia Amosi kumwambia kwamba njaa yake ni ndogo.

Na hilo neno roho nalo lisidhaniwe kwamba linakaa mbali na tumbo. Limetoka Kiarabu, ruhu, pumzi, lakini lilipoingia pwani hii likashuka mpaka kooni. Ukimkaba mtu roho, unamkaba koo. Mlafi tunamwambia ana uroho. Kiebrania kina nefesh, ndugu wa damu wa neno letu nafsi, na maana yake ya chini kabisa ni koo, mahali pa kupitia pumzi na tonge. Wana wa Israeli jangwani walipolalamika katika Hesabu 11 kwamba roho zao zimekauka, walikuwa wanawaza samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri. Zaburi 107 inaposema Mungu huijaza mema nafsi yenye njaa, inasimulia watu waliopotea nyikani, wenye njaa na kiu hasa. Waandishi wale hawakumkata mtu vipande viwili, kimoja cha kulishwa Jumapili na kingine cha kujitegemea.

Paulo ndiye anayekaribia zaidi maneno yetu, anapotaja "chakula cha roho" katika 1 Wakorintho 10:3. Chakula chenyewe ni nini? Ni mana. Rudi Kutoka 16 uone kilivyoliwa: kichwa pishi, kila mtu kwa ulaji wake, na walipokipima, aliyekusanya kingi hakubakiwa na kitu wala aliyekusanya kichache hakupungukiwa. Bibi zetu walipima mchele na mtama kwa pishi, vibaba vinne. Chakula cha roho kilipimwa kwa pishi, na kwa pishi isiyogongwa kitako.

Wengine hunijibu kwa "mtu hataishi kwa mkate tu". Nawaomba wausome tena, taratibu, na wasilimeze lile neno "tu". Bila hiyo "tu", sentensi nzima inakuwa uongo, maana mkate ni lazima. Na Yesu aliyeisema alikuwa akijinyima mkate wake mwenyewe. Mkate wa wengine aliumega: watu 5,000 walikaa majanini na kula wakashiba kwanza, na maneno ya "Mimi ndimi chakula cha uzima" wakayasikia kesho yake, ng'ambo ya pili ya bahari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama unataka kumsifu mtu anayelitamani Neno, Mathayo 5:6 ipo, nayo ni tamu. Ila ukumbuke kwamba njaa ile ni ya haki, neno lile lile tunalokwenda nalo mbele ya hakimu. Sema ana hamu, sema ana shauku, sema ana kiu, Kiswahili hakijakunyima. Amosi 8:11 uiweke kwa siku ambayo kanisa limemnyamazisha anayesema kweli, na kabla ya kuisoma uanzie mstari wa 4. Na ukiingia nyumba yenye jiko lililopoa, mstari wa kusoma ni Yakobo 2:16, pale mtu anapowaambia wenzake waende kwa amani, wakaote moto na kushiba, bila kuwapa kitu. Ni mfupi, hauchukui hata dakika moja.

Alhamisi tunarudi Makorora. Nimeomba zamu ya kusoma, nimepewa. Unga kilo tano na nazi tatu viko hapa jikoni, na kama unaweza kupitia kwa wavuvi asubuhi ukaleta dagaa, niambie mapema.