Chongo la Federico si jibu lote

Picha ya Federico da Montefeltro, mtawala wa mji wa Urbino, Italia, na kamanda wa askari wa kukodiwa, huambatana na maelezo yaleyale: Piero della Francesca alimchora upande mmoja ili kuficha chongo. Ni kweli jicho la kulia lilipotea katika mashindano ya mikuki juu ya farasi. Lakini tazama kipande cha pili cha picha hiyohiyo, iliyopo katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Mkewe, Battista Sforza, amechorwa upande vilevile, naye macho yake yote mawili yalikuwa mazima. Hata hasimu wa Federico, Sigismondo Malatesta, aliyechorwa na Piero huko Rimini mwaka 1451, ameonyesha shavu moja tu.

Ndivyo wakubwa wa Italia walivyochorwa wakati huo. Mfano ulitoka kwenye sarafu za makaisari wa Roma, na msanii Pisanello alikwisha kuufufua kwa medali zake. Kamanda aliyepigana kwa malipo alipenda kufanana na Kaisari, nani asingependa?

Chongo liliamua upande gani uonekane. Kwa kawaida mume alikaa kushoto kwa mtazamaji. Hapa Battista ndiye aliyepewa nafasi hiyo, ili Federico aonyeshe shavu la kushoto. Baadaye, wachoraji walipoanza kugeuza nyuso zielekee kwa mtazamaji, Federico aliendelea kuchorwa upande uleule, kama katika picha aliyo na mwanawe Guidobaldo. Hapo ndipo hoja ya jicho inapopata nguvu.