Mtoto anapenda nyota? Acha kwanza kununua darubini

Wiki iliyopita tena. Papa mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, ameingia kwenye biro yangu na kijana wake wa miaka 17 na boksi kubwa la darubini, juu ya boksi wameandika inakuza mara 525. "Prof, huyu mutoto anapenda nyota toka mudogo, masini nimeshamununulia, bado tu umuonyeshe njia ya kufika NASA." Nikapima lenzi, milimita 60. Darubini ya milimita 60 ikikuza mara 120 hivi imefika mwisho wake, ukiongeza unakuza ukungu tu. Nikamuuliza kijana hesabu inaendaje shuleni, akaangalia chini. Yule papa amejinyima juu ya ile boksi na hakuna mtu alimwambia ukweli, na mimi hii maneno nimeisikia mara nyingi mno, inaniuma, ndiyo maana naandika.

Watu wanaamini astronomu anakesha nje, jicho kwenye darubini mpaka asubuhi. Hapana jamani. Kazi yetu karibu yote ni ya mchana, kwenye kompyuta, na nusu yake ni kuandika. Data ya doktora yangu ilitoka SALT, ile darubini ya Sutherland kule Afrika Kusini yenye kioo cha upana wa karibu mita 11, na sikuwahi kuigusa. SALT inaenda kwa foleni: unaandika ombi la kurasa chache, unataka kupima nini, kwa nini, unahitaji masaa mangapi, kamati inasoma, inakubali ao inakataa (mara nyingi inakataa, unaandika upya). Ukikubaliwa, astronomu wa zamu ndiye anaangalia, wewe umelala kwako, asubuhi unapakua mafaili. Hapo sasa ndiyo kazi inaanza, unatoa bias (namba ambayo kamera inaandika hata bila mwanga), unagawanya kwa flat (picha ya mwanga sawasawa ya kusawazisha pikseli), unafuta moja moja alama za miale ya kosmiki, chembe za angani zinazogonga kamera, unalinganisha na taa ya argoni ili ujue kila pikseli inabeba urefu gani wa wimbi, alafu programu uliyoandika inakataa kwenda, umeme unakatika, unaanza tena. Saa chache za anga zilinikalia miezi saba kabla nipate grafu moja ya kuonyesha mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki, na wanafunzi wangu wameuchoka: Python kwanza, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kabla ya darubini, kabla ya kuota Ulaya. Python, hesabu na Kiingereza, juu makala zetu zote ziko kwa Kiingereza na sisi huku tumesoma kwa Kifaransa. Laptop ya mkono wa pili inatosha kabisa. Satelaiti Gaia ilirushwa 2013, na mwaka 2022 walitoa data za nyota karibu bilioni 1.8, bure, kila mtu duniani anapakua, wa Harvard na wa Katuba wanapata faili ileile. Hii ndiyo kitu natamani kila mzazi aisikie.

"Jina la Kikongo hawalipi nafasi." Nasikia pia hii, na naelewa inatoka wapi. Lakini kwa Hubble, darubini iliyoko angani, toka 2018 wanaosoma maombi hawaoni jina wala nchi ya aliyeandika, na James Webb, darubini nyingine ya angani, vilevile. Kugumu ni kugumu kwa wote, kuna msimu maombi ya Webb yalikuwa mara tisa ya muda uliopo. Na tusiangalie mbali tu: MeerKAT, darubini ya redio yenye antena 64, iko Karoo, Afrika Kusini, HESS, darubini za miale ya gama, iko Namibia, na Zambia, hapo tu ukivuka Kasumbalesa, ni nchi mshirika wa SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Sisi bado hatumo.

Wale wanaokuja niangalie kama nyota yao imeibiwa ao imefungwa: mimi si mnajimu, nyota haina bahati ya mtu ndani. Hata hesabu ya wanajimu yenyewe haishiki, kila mwaka kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Desemba jua linapita kwenye kundi la nyota la Ophiuchus ambalo kwenye zodiaki yao halimo kabisa.

"Hakuna kazi." Hapa sitadanganya mtu. Nafasi za kudumu ni chache, baada ya doktora unaweza kuzunguka na postdok, kazi za utafiti za muda, za miaka miwili mitatu, nchi hii, nchi ile, na familia inaumia. Ila mwenye kujua kusafisha data na kuandika programu anapata kazi benki, kwenye kampuni za simu, hata migodini. Na shaba na kobalti ya migodi yetu ilipikwa ndani ya nyota kubwa kabla dunia haijakuwepo, basi hapo pia hajatoka mbali na nyota.

Yule kijana nilimpa kazi moja: pakua nyota za Gaia kuzunguka Kilimia, chora paralaksi zao, yaani vile kila nyota inaonekana kusogea kidogo dunia ikizunguka jua, ndiyo inatupa umbali wake. Juzi amerudi peke yake na laptop ya dada yake. Grafu ilikuwa na kilele kizuri karibu na milisekunde za pembe 7.4, nikamwambia gawanya 1,000 kwa hiyo, akapata umbali wa parsek 135 (parsek moja ni miaka ya mwanga 3.26 hivi). Nikamweleza satelaiti ya zamani, Hipparcos, ilileta karibu parsek 120 na watu walibishana miaka. Akanyamaza, akaonyesha kidole nyota zilizoko nje ya kilele, akauliza, "Prof, na hizi ni za nani?" Tukavuta viti.