Dume aliyeshinda Nanenane: kumkodisha au kumbakiza zizini

Kila mwaka, maonesho ya Nanenane yanapofungwa katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, na watu kurejea makwao, mimi huanza kupokea simu za aina moja. Anayepiga ni mfugaji ambaye dume wake wa ng'ombe ametajwa kwenye kipaza sauti na kupigwa picha, na sasa majirani, wakwe na watu asiowafahamu wanamwomba dume huyo akae kwao msimu mmoja kwa malipo. Mwaka jana simu ya kwanza ilitoka Kongwa, kwa mzee mmoja mstaafu ambaye nimemhudumia kwa muda mrefu. "Daktari," alisema, "watu watatu wameshanijia, na mmoja wao ni shemeji yangu. Nidai kiasi gani?"

Nilimjibu kwa swali: dume huyo akirudi, atalala wapi? Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema atalala palepale anapolala siku zote, pamoja na wenzake. Kwa jibu hilo nilijua kwamba habari ya bei ingesubiri.

Sehemu kubwa ya kazi yangu hapa kanda ya kati ni uzazi wa ng'ombe, na nimeona madume wengi wakitoka na wakirudi. Mfugaji anapofikiria hasara ya kukodisha, huona dume akiibwa, akivunjika mguu au akifa, na hayo hutokea kweli. Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote niliyowahi kuishuhudia ililetwa na dume aliyerudi akiwa mzima, amenawiri, anakula vizuri. Alikuwa wa mjomba wangu, tena wakati huo mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Mjomba alimpa rafiki yake dume huyo kwa miezi minne, bila karatasi yoyote, na akarudishiwa mwezi wa Mei pamoja na shukrani na jogoo wawili. Msimu uliofuata ng'ombe wake walipandwa kama kawaida, lakini wakawa wanarudia joto, yaani kutaka dume tena kwa kuwa hawakushika mimba, wengine baada ya wiki tatu, wengine baada ya miezi miwili au zaidi, na mmoja alikuwa akitoa usaha. Katika mwaka ule zizi zima lilipata ndama wanne tu. Mjomba aliamini amefanyiwa hila, na ilichukua muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kumpima dume mwenyewe.

Ugonjwa wa namna ile, ambao kwa kitaalamu huitwa trikomoniasi, husababishwa na kijidudu kinachoishi katika mikunjo ya ngozi inayofunika uume wa dume. Dume haumwi, hakondi wala hapunguzi hamu ya kupanda, ila kila jike anayempanda humwachia kijidudu hicho, mimba ikafia tumboni mapema kabla mwenye ng'ombe hajajua kwamba ilikuwapo. Jike akipumzishwa miezi kadhaa bila kupandwa, mara nyingi hupona mwenyewe. Dume haponi hivyo, hasa akishavuka miaka mitatu au minne, kwa kuwa mikunjo ile huongezeka kina kadiri umri unavyokwenda, na dawa ya kutegemewa kwa ajili yake hatuna. Dume wa namna hiyo huenda mnadani kwa ajili ya nyama, hata kama mwaka uliotangulia alikuwa wa kwanza Nzuguni. Kampilobakta huenea kwa njia hiyohiyo na kuleta dalili zinazofanana, ingawa huo una tiba na chanjo. Kisha ipo brusela, ambayo hutupisha mimba, huweza kuvimbisha korodani, na hatimaye humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi au mikono inayomzalisha ng'ombe bila glovu.

Ndiyo maana nikauliza habari ya malazi. Mfugaji asiye na zizi la pili la kumtenga dume anayerudi, hadi majibu ya vipimo yatoke, hana uwezo wa kumkodisha, hata akiahidiwa fedha nyingi kiasi gani. Kwa trikomoniasi sichukui sampuli moja nikaridhika. Huosha mfuko wa ngozi ile mara tatu, kila mara baada ya wiki moja, na maji hayo hupelekwa maabara pamoja na damu ya kupima brusela. Kwa wafugaji wa hapa, kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Dodoma si mbali. Katika muda huo wote dume hagusi jike yeyote, jambo ambalo kijana anayechunga ni lazima aelezwe kinagaubaga.

Sasa tuje kwenye kalenda, kwa sababu hapa ndipo wengi hujichanganya. Maombi huja Agosti, wakati sifa bado ina joto, lakini kazi yenyewe haiko Agosti. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ng'ombe waliokonda kwa kiangazi huanza kuingia kwenye joto vizuri pale majani yanaporudi, yaani Januari na kuendelea. Miezi ambayo mkodi anamhitaji dume ndiyo miezi ambayo mwenye dume anamhitaji. Dume mzima mwenye afya huweza kuhudumia ng'ombe 25 hadi 30 kwa msimu. Mzee wa Kongwa alikuwa na ng'ombe 22 wa kupandwa. Hesabu hiyo peke yake ilikwisha kuwaondoa waombaji wawili kati ya watatu, maana kumtoa Januari kulikuwa sawa na kuacha ng'ombe wake mwenyewe bila mimba.

Dume wa maonesho ana tatizo lake la pekee. Ili apendeze mbele ya majaji hulishwa mashudu ya alizeti na pumba kwa miezi, huku akitembezwa kidogo sana, na mafuta hujikusanya hata kwenye shingo ya mfuko wa korodani. Korodani zinahitaji kuwa na ubaridi kuliko mwili, nayo mafuta yale ni kama blanketi. Nilipokwenda Kongwa mwezi wa Novemba tulimwingiza kwenye kibano cha mbao nyuma ya nyumba, mzee akashika mkia, nami nikazishusha korodani taratibu kwa mkono mmoja na kuzungusha futi ya kamba pale palipo panene zaidi. Ilisoma sentimita 36, kipimo cha kuridhisha kwa dume mzima wa aina ya Mpwapwa, na zote mbili zilikuwa laini na zenye ukubwa sawa. Kwenye kwato za nyuma, hata hivyo, upande wa nje ulikuwa umekua hadi kujipinda, na alipotembea kwenye mawe alikanyaga kwa kusita. Dume hupanda kwa miguu ya nyuma. Mwenye kwato mbaya anaweza kuwa na mbegu nzuri na asiwe na faida. Tulizikata siku ileile.

Niseme pia kwamba mbegu za dume huchukua takriban siku 60 kutengenezwa. Dume aliyeugua homa kali mwezi wa Novemba anaweza kuonekana amepona kabisa Desemba, kisha Januari akapanda bila kutungisha mimba. Kwa sababu hiyo mwenye dume anapaswa kuweka kumbukumbu ya kila homa na kila dawa, naye mkodi ana haki ya kuiona kumbukumbu hiyo.

Kuhusu bei, nitaazima mfano kutoka mbali. Hapa Dodoma punda tunao wengi na farasi ni wa kuhesabu, lakini wenye farasi wa mashindano ya kuruka vizingiti wamezoea sana biashara hii ya kukodisha mnyama wa thamani. Huko Marekani ada ya mwaka mzima huwa aghalabu robo hadi theluthi ya thamani ya farasi, na juu ya ada hiyo mkodi hubeba chakula, fundi wa kwato, matibabu na bima. Farasi hukaguliwa na daktari kabla ya kukabidhiwa, wakati mwingine miguu yake hupigwa eksirei, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya kasoro iliyokuwapo na iliyozuka. Wapo wenye farasi wasiokubali kabisa mnyama ahame banda: mkodi humfuata alipo na kumwendesha chini ya macho ya mwalimu wanayemwamini.

Nikilileta hilo kwetu, nalifanyia marekebisho moja muhimu. Mkodi atataka kulipa kwa miezi mitatu, yaani robo ya mwaka, ilhali miezi hiyo mitatu ndiyo kazi yote ya dume kwa mwaka. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, dume wa shilingi milioni 4. Robo ya thamani yake ni milioni 1, na akipanda ng'ombe 25, kila mmoja anabeba shilingi 40,000. Kwa kawaida mazungumzo huvunjika hapo, na si vibaya yakivunjika, kwa sababu mkodi ana njia nyingine: anaweza kumwita mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu bila dume, akatumia mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, ambazo haziji na kupe wala trikomoniasi. Mwenye dume anayekubali bei ndogo kwa kuwa "ng'ombe ni ng'ombe tu" anasahau kwamba mnyama atarudi amepungua uzito, na kumrudisha katika hali yake wakati wa kiangazi ni gharama.

Kupe nao wasichukuliwe kirahisi. Dume aliyeogeshwa kila wiki tangu utotoni hana kinga iliyojengeka dhidi ya ndigana kali kama ya ng'ombe waliokulia kwenye kupe wengi, na akipelekwa kwenye zizi lisilojua josho, wiki mbili au tatu zinatosha kummaliza. Huwa nakwenda kuliona zizi la mkodi kabla sijatoa ushauri wowote. Nikikuta masikio ya ng'ombe wake yamejaa kupe, safari inaishia hapo.

Makubaliano yaandikwe, hata baina ya ndugu, na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Yataje thamani ya dume kwa tarakimu, namba ya hereni yake, ng'ombe wangapi atapanda, nani anamtibu, na tarehe ya kurudi. Yaseme pia itakuwaje ikiwekwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwani kibali cha kusafirisha mifugo hakitatolewa na dume atakwama huko akila majani ya mkodi au akilala njaa. Wengi hupenda kuongeza sharti kwamba dume akifa mzoga upasuliwe ili kujua chanzo, nalo ni sharti zuri, ila liwe na kizuio: mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani au mkunduni asipasuliwe kamwe, kwa kuwa huenda ni kimeta, na kumfungua ni kuutawanya ugonjwa ardhini kwa miaka mingi na kuwaweka watu hatarini. Apigiwe simu afisa mifugo, na nyama isiguswe.

Sehemu ngumu kwa mzee haikuwa yote hayo. Ugogoni kuwekesha ng'ombe kwa ndugu au rafiki ni jambo la zamani. Anayetunza hunywa maziwa, na mwenye mali hutawanya hatari ya ukame na maradhi. Kumnyima shemeji dume, baada ya desturi hiyo yote, husikika kama kumnyima undugu, nami sipendi madaktari wanaolipuuza jambo hilo kana kwamba ni ujinga. Nilimweleza tu tofauti moja: ng'ombe jike anayewekeshwa hukaa huko miaka, lakini dume anayezunguka huchukua cha zizi hili na kukipeleka zizi lile.

Tukamaliza hivi. Mwombaji wa kwanza, ambaye hakuwa na josho wala nia ya kulipia vipimo, alikataliwa kwa heshima. Wa pili aliuziwa mtoto wa dume huyo, kijana wa miaka miwili ambaye hajawahi kupanda, kwa bei ya ujirani. Kwa msimu wake wa kwanza asipewe zaidi ya ng'ombe 10 hadi 15, lakini ana damu ileile ya baba yake na hana ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza. Naye shemeji aliambiwa alete mitamba wake 6, ambao hawajawahi kukutana na dume yeyote, wapimwe damu ya brusela, kisha wakae Kongwa msimu mmoja. Dume hakutoka nje ya uzio.

Mitamba walifika katikati ya Januari, wameswagwa na vijana wawili, kibali kikiwa mfukoni mwa mkubwa wao. Shemeji alikuja nyuma yao na gunia mbili za mashudu, akasema hizo ni za dume. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283, kwa hiyo mzee ameshaandika mwezi wa Oktoba kwenye kalenda iliyopo ukutani, na ameniomba niende Machi kupima wangapi wameshika.