Presha Ipimwe Mikono Yote Miwili

Msusi wa Kenyatta Market akisuka kwa nusu saa, mkono wa kushoto unalegea na kuuma. Akiushusha, nguvu zinarudi. Wengi husema ni uchovu wa kazi, na mara nyingi ni kweli. Lakini akiwa hajafika miaka 40, tena amekonda na kupata homa za hapa na pale kwa miezi, shika kifundo cha mkono huo utafute mapigo ya damu. Yakiwa hafifu au hayapo, huenda ni ugonjwa wa Takayasu.

Katika ugonjwa huu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908, kinga ya mwili hushambulia aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na matawi yake. Kuta za mishipa huvimba, zikawa nene, na njia ya damu ikabana.

Kosa linalotuumiza zaidi hutokea wakati wa kupima presha. Mkanda ukifungwa kwenye mkono ambao mishipa yake imebana, mashine inaweza kusoma 100 ilhali ndani ya aota ni 180, na mgonjwa akaambiwa yuko sawa huku kiharusi kikimnyemelea. Omba mikono yote miwili ipimwe. Namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10 kila mara, uchunguzi unahitajika. Mikono yote ikiwa imebana, presha ipimwe mguuni.

Vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyoonyesha uvimbe mwilini, vikiwa vya kawaida havimaanishi kwamba ugonjwa haupo; picha ya mishipa kwa CT au MRI ndiyo huuonyesha. Kabla ya kuanza dawa hupimwa TB, virusi vya Ukimwi na homa ya ini B, kwani dawa za kutuliza kinga huamsha maambukizi yaliyolala.

Mtu mzima kwa kawaida huanza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha daktari huipunguza polepole kwa miezi. Usiikatize ghafla: tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza homoni yake, na presha inaweza kuporomoka. Mara nyingi huongezwa methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku huharibu uboho na kunaweza kuua, kwa hiyo andika siku yako, tuseme JUMAPILI, kwa kalamu nene juu ya boksi. Methotreksati pia hudhuru mimba. Anayetaka mtoto amwone daktari kwanza ili abadilishiwe dawa.