Asilimia 60 wameridhika na kazi, haya, ni kina nani? Probabiliti na korelesheni kwa lugha ya kawaida

Unapewa dodoso kazini, unaulizwa umeridhika na kazi yako kiasi gani, unaweka tiki kati ya 1 na 5, wiki mbili baadae kinaitwa kikao na bosi anasimama anatangaza kwamba asilimia 60 ya wafanyakazi wameridhika. Makofi, soda, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Sasa hiyo 60 ikikaa peke yake ina kazi gani? Haisemi ni kina nani, haisemi kinachowaridhisha ni nini, na haisemi wale wengine wakibadilishiwa kitu gani watatulia. Hapo ndo zinapoingia probabiliti na korelesheni, na usiogope majina, sehemu kubwa ni kujumlisha na kugawanya tu.

Probabiliti wengi tunaikumbuka ya fomu foo, kurusha shilingi na kuchomoa mipira kwenye mfuko. Ya kazini ni hiyo hiyo: ukifumba macho ukaweka kidole kwenye orodha ya wafanyakazi, kuna uwezekano gani uliyemgusa ameridhika. Kwa ile kampuni ya asilimia 60 uwezekano ni 0.6, basi. Utamu unaanza ukiongeza sharti, yaani huulizi tena "uwezekano wa mtu kuridhika" kwa ujumla, unauliza "uwezekano wa kuridhika KAMA huyo mtu ana kitu fulani".

Tuchukue kampuni ya utalii ya kufikirika, iweke hapo Njiro, Arusha, ina watu 80, na namba zote za mfano huu nimezitunga mimi ili zihesabike kirahisi. Walioridhika ni 48, ndo ile asilimia 60. Sasa kuna lalamiko ambalo yeyote aliyewahi kukaa na madereva wa utalii analijua, rosta, yaani ratiba ya zamu. Mtu anapigiwa simu saa tatu usiku anaambiwa kesho alfajiri uwe umeshapakia maji na boksi za lanchi, unachukua wageni unaelekea Karatu, na hiyo kesho ndo alikuwa ampeleke mtoto kliniki, mama watoto ameshapanga, kila kitu kinavurugika. Kwahiyo tunawagawa watu wa kampuni yetu mafungu mawili, wanaopata rosta mapema, tuwaite wenye rosta, ni 30 na wanaoshtukizwa kwa simu ni 50. Kati ya wale 30 walioridhika ni 24, kati ya wale 50 walioridhika ni 24 pia.

Gawanya. 24 kwa 30 ni asilimia 80. 24 kwa 50 ni asilimia 48. Kama rosta isingekuwa na uhusiano wowote na kuridhika, makundi yote mawili yangekuwa yanacheza kwenye asilimia 60 hiyo hiyo ya kampuni nzima, yaani kwa wale 30 tungetegemea 18 hivi, tumepata 24. Kwahiyo kuna kitu hapo.

Ila angalia usigeuze swali. "Aliye na rosta, uwezekano wa kuridhika ni upi" jibu ni asilimia 80, lakini "aliyeridhika, uwezekano wa kuwa na rosta ni upi" jibu ni 24 kwa 48, nusu kwa nusu. Ni watu wale wale, karatasi ile ile, maswali mawili tofauti kabisa, na watu wanayachanganya kila siku, utasikia meneja anasema "nimeongea na wote wenye furaha, nusu yao wala hawana rosta, kwahiyo rosta sio ishu". Hapana, hapo umejibu swali ambalo halijaulizwa.

Korelesheni sasa ni kuyabana hayo yote kwenye namba moja inayosema vitu viwili vinatembea pamoja kiasi gani. Inaanzia -1 mpaka 1. Ikiwa karibu na 1 maana yake kimoja kikipanda na kingine kinapanda, karibu na -1 kimoja kikipanda kingine kinashuka, ikiwa sifuri ujue hakuna mstari wowote unaoviunganisha. Wazo lilianza na mwanasayansi Francis Galton kule Uingereza miaka ya 1880, mwanatakwimu Karl Pearson akaja kuipa fomula tunayotumia mpaka leo. Hata Excel inayo, andika CORREL, chagua safu mbili, kwisha. Kwenye mfano wetu ukimpa 1 mwenye rosta na 0 asiye nayo, halafu 1 aliyeridhika na 0 ambaye bado, inakutolea kama 0.32. Kwa mambo ya tabia za watu 0.32 sio ya kudharau, kuna mtu ataikimbilia hiyo namba aanze kuandika ripoti kwamba rosta ndo dawa.

Asubiri kwanza. Wale 30 wenye rosta ni kina nani hasa? Ukifungua orodha unakuta 25 ni watu wa ofisini, bukingi, wahasibu, mapokezi, watu wanaopanda kifodi (daladala) saa moja asubuhi na jioni wako kwao Sakina wanakula na familia. Wa porini wenye rosta ni watano tu, wakiwemo madereva wawili watatu wa siku nyingi. Na wale 50 wasio na rosta, 45 ni wa porini, madereva, wapishi, watu wa kambi. Sasa hesabu kila upande peke yake. Ofisini wenye rosta walioridhika ni 21 kati ya 25, asilimia 84, wasio na rosta ni 4 kati ya 5, asilimia 80. Porini wenye rosta ni 3 kati ya 5, asilimia 60, wasio nayo ni 20 kati ya 45, asilimia 44 hivi. Ukiiambia Excel ikokotoe tena, ofisini korelesheni inabaki 0.04, porini 0.09. Ile 0.32 imeyeyuka mbele ya macho yako!

Kilichotokea ni kwamba kuna kitu cha tatu kilikuwa kinavuta kamba zote mbili, mahali pa kazi. Mtu wa ofisini ana rosta kwa sababu yuko ofisini na ameridhika kwa sababu hizo hizo za ofisini, analala kwake. Hapa ndipo ule msemo wa wanatakwimu kwamba korelesheni sio kisababishi unapata nyama, maana watu wanausema tu kama kiitikio bila kuonyesha kitu cha tatu chenyewe kiko wapi. Kitafute. Huku kwetu vya kuanza navyo ni idara, miaka ya mtu kazini, aina ya mkataba na msimu. Msimu hasa. Dodoso likigawiwa Agosti wageni wamejaa na tipu za dola zinaingia, na lile lile likigawiwa Aprili kwenye masika magari yamepaki na watu wako likizo isiyo na malipo, ukilinganisha hayo mawili unapima mvua zaidi ya unavyopima uongozi. Na kwa wagumu, wale wapagazi wa mlimani kule Moshi, ni vile vile.

Halafu usije ukaona ile asilimia 60 ya porini ukaibebea bango. Ni watu watano. Mmoja akiamka vibaya siku ya dodoso inakuwa 40, akiamka vizuri mwenzake inakuwa 80. Asilimia ya watu watano sio ya kufanyia maamuzi ya mwaka mzima, ni ya kukufanya ukawaulize wale watano.

Ile tiki ya 1 mpaka 5 nayo ina mambo yake. Mtindo huo unatokana na Rensis Likert, mwanasaikolojia Mmarekani, mwaka 1932. Shida ni kwamba kutoka 2 kwenda 3 na kutoka 4 kwenda 5 kwenye karatasi ni hatua moja moja, ila moyoni mwa mtu hatujui kama ni urefu ule ule. Ndo maana kwa data za namna hii wengi hupenda korelesheni ya mwanasaikolojia Charles Spearman, ya 1904, ambayo haijali umbali, inawapanga tu watu kuanzia wa chini mpaka wa juu halafu inaangalia kama mpangilio wa huku unafanana na wa kule.

Mshahara je? Maana najua hilo ndo swali lako. Mwaka 2010 mtafiti Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizokuwepo wakaziunganisha, korelesheni kati ya kiwango cha malipo na kuridhika na kazi ikatoka kama 0.15. Ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 0.0225, maana yake tofauti za mishahara zinaenda sambamba na asilimia mbili na kidogo tu ya tofauti za kuridhika. Najua bosi mmoja mahali fulani akisoma hapa atafurahi sana. Asifurahi haraka.

Kwanza, korelesheni inahitaji tofauti ili ione kitu. Kama kwenye kampuni yako wote wanalipwa kati ya laki tatu na laki tatu na nusu, utakokotoa mpaka uchoke na itatoka karibu na sifuri, sio kwa sababu hela haina maana, ni kwa sababu hakuna aliyelipwa tofauti wa kumlinganisha naye. Pili, fomula ya Pearson inatafuta mstari ulionyooka, na hela haiendi kwa mstari ulionyooka. Anayepambana na kodi ya nyumba na ada ya mtoto ukimuongezea laki anaisikia mpaka kwenye mifupa, anayepata milioni nne laki hiyo hiyo anaiona kwenye meseji ya benki tu. Mkunjo wa namna hiyo ukiulazimishia mstari, namba inatoka ndogo kuliko ukweli.

Na kuna moja nyingine wengi wanaitaja, kwamba mfanyakazi aliyeridhika anafanya kazi vizuri. Judge huyo huyo na wenzake mwaka 2001 walipata kama 0.30. Sawa, ila mshale unaelekea wapi? Inawezekana furaha inaleta kazi nzuri, inawezekana pia dereva anayejua njia zake, wageni wanamsifia na tipu zinamfuata, ndo anayeipenda kazi. Namba ni ile ile ukiisoma kutoka kulia au kushoto, haikuambii nani alianza.

Mwisho kabisa angalia data imepatikanaje, maana hapa ndo hesabu nyingi zinafia. Sisi ukimuuliza mtu kazi inaendaje anakujibu "tunashukuru Mungu", awe na mshahara wa miezi mitatu haujaingia au la. Afisa utumishi akigawa karatasi huku amesimama pembeni yako na majina yameandikwa juu, utavuna 4 na 5 shamba zima. Lisiwe na jina, na likusanywe na mtu asiyesaini likizo za watu. Na wasiokuwepo kwenye lile dodoso ni wale walioacha kazi Januari wakahamia kampuni nyingine au wakanunua bodaboda, hao mara nyingi ndo waliokuwa hawajaridhika kuliko wote na hakuna safu yao kwenye Excel, kwahiyo kila anapoondoka mtu asiyeridhika asilimia ya walioridhika inapanda bila wewe kufanya chochote. Kwenye kampuni yetu ya Njiro wakiondoka kumi kati ya wale 32 ambao hawajaridhika, 48 kwa 70 inakuwa karibu asilimia 69, na bosi ataitisha kikao kingine cha soda.