Pesimeka inayojirekebisha ni nini?

Ni kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, ambacho huusukuma moyo kwa umeme mdogo unapochelewa kudunda, kisha hubadilisha kasi kulingana na kazi anayofanya mgonjwa. Kwenye kadi ya mgonjwa utaitambua kwa herufi ya nne ya msimbo wa aina yake, R, inayoonyesha kwamba hurekebisha kasi: VVIR au DDDR.

Pesimeka ya kwanza kupandikizwa mwilini, Stockholm mwaka 1958, haikuwa na uwezo huo. Ilidunda kwa kasi ileile, umelala au unatembea. Mtu aliyebaki na mapigo 60 akipanda ngazi huishiwa pumzi upesi.

Tatizo ni kwamba kifaa hakijui misuli inahitaji damu kiasi gani. Hubahatisha kwa dalili. Dalili inayotumika zaidi ni mtikisiko wa kifua. Kihisi mwendo hujibu ndani ya sekunde chache na hakili betri sana, lakini hudanganyika kirahisi. Daladala kwenye barabara ya makorongo hupandisha mapigo bure, huku anayekanyaga baiskeli, ambaye kifua chake hakitikisiki sana, akipata mapigo pungufu. Hata ngazi hukichanganya kihisi hiki: kushuka huweza kuleta mapigo mengi kuliko kupanda.

Kihisi cha pumzi hupitisha mkondo hafifu kati ya waya unaoingia moyoni na kasha la kifaa, kikapima ukinzani wa umeme unaobadilika kifua kinapojaa hewa. Hufuata jitihada vizuri zaidi, ila huchelewa kuanza. Tena mashine za wodini zinazopima upumuaji kwa njia hiyohiyo zinaweza kukivuruga, moyo ukaenda mbio mgonjwa amelala kitandani. Baadhi ya pesimeka hutumia vihisi vyote viwili.

Mipangilio ya kiwandani haitoshi, ingawa wengi huachwa nayo. Kasi ya chini mara nyingi huwekwa 60 kwa dakika na ya juu 120 au 130. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hushushiwa ya juu, la sivyo kifua kitamuuma. Mgonjwa atembezwe koridoni dakika chache kwa mwendo wake wa kawaida, na mapigo yasipopanda ipasavyo, wepesi wa kihisi uongezwe.

Vifaa vingine hushusha kasi usiku, tuseme hadi 50, kwa kufuata saa iliyomo ndani. Mlinzi wa zamu ya usiku amwambie mtaalamu saa anazolala, kwani saa hiyo ikibaki ya kawaida, mapigo yatashuka akiwa lindoni.