Mfumo dume katika falsafa hauishii kwenye kejeli

Wengi wakitaka kuonyesha mfumo dume katika falsafa hukusanya kauli za kejeli. Hazikosekani. Mwaka 1764 mwanafalsafa Mjerumani Kant aliandika kwamba mwanamke msomi wa kiwango cha Émilie du Châtelet, mwanafizikia wa Ufaransa, afadhali angefuga na ndevu kabisa. Inaudhi, lakini ukiifuta, nadharia ya maarifa ya Kant inabaki ilivyokuwa. Mimi nahangaika zaidi na sentensi ambazo ukizifuta, hoja nzima inaporomoka.

Mchukue Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kitabu cha kwanza cha Siasa. Anadai mtumwa hana kabisa uwezo wa kutafakari na kuamua, mtoto anao ila haujakomaa, na mwanamke anao lakini hauna mamlaka. Muulize: hauna mamlaka wapi? Kama ni ndani ya nafsi ya mwanamke mwenyewe, alitakiwa atuonyeshe kwa nini akili yake ishindwe kumwongoza, naye haonyeshi. Kama ni mbele ya wanaume, basi ameeleza desturi ya Athens tu, kisha akaigeuza kuwa maumbile. Kwa vyovyote, utawala wa mume juu ya mke unabaki bila nguzo. Na sentensi hiyo huifuti kirahisi, maana ndiyo inayobeba maelezo yake ya nyumba, na nadharia yake ya mji, yaani dola, imejengwa juu ya nyumba.

Kwa mwanafalsafa Rousseau kasoro imejificha zaidi. Katika kitabu chake Émile (1762) kijana wa jina hilo analelewa ajiamulie mwenyewe. Sophie, mke wake mtarajiwa, analelewa apendeze na ajali watu watasemaje. Mpe Sophie malezi ya Émile uone: uhuru wa kijana ulitegemea mtu wa nyumbani asiye huru. Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za wanawake, aliliona hilo na kulijibu kwa ukali mwaka 1792.

Upande wa mitaala, kosa linalojirudia ni kuwarundika wanawake wote katika wiki ya mwisho, chini ya mada ya jinsia. Barua ya binti mfalme Elisabeth wa Bohemia ya Mei 1643 inamuuliza mwanafalsafa Descartes nafsi isiyo na umbo inausukumaje mwili. Hilo ni swali la metafizikia, yaani la asili ya vitu vilivyopo, na ni miongoni mwa pingamizi kali alizowahi kupata. Isomwe wiki ileile ya Tafakuri ya Sita, ambamo Descartes anatenganisha nafsi na mwili, na mwanafunzi apimwe kama majibu ya Descartes yanatosha.